Ni Nani Aliyemdharau Mungu?

Siku ya Alhamisi, tarehe 3 Oktoba 2024, chombo kiitwacho Merdi, kilichotoka Minova, kilizama mbele ya bandari ya Kituku, hapa Goma, karibu kabisa na kufika. Makumi ya watu walikufa mbele ya macho ya wale waliosimama ufukoni. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema waliopakiwa walikuwa 278. Barabara ilikuwa imefungwa na vita, watu hawakuwa na njia ila ziwa.

Basi wapo Wakristu wasemao, Biblia mkononi, ya kwamba ile ilikuwa adhabu, kwa kuwa watu wa soko lile hawaheshimu Dominika. Hututajia Nadabu na Abihu, wana wa Aroni, walioteketea kwa kumletea Mungu moto asiouagiza. Sisi twayakataa maneno hayo, tena kwa Biblia hiyohiyo. Bwana wetu mwenyewe aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana kwamba walikuwa wakosefu kuliko wenyeji wengine wa Yeruzalemu. Kisha akawageukia wasikilizaji wake, watubu wao. Mama aliyepanda chombo na gunia lake la maharagwe, watoto wapate kula, alileta moto gani wa kigeni?

Lakini asidhani mtu kwamba maonyo yale ni hadithi za kale tu. Ni makali, nayo yana wenyewe. Nadabu na Abihu walikuwa makuhani. Hofni na Finehasi vilevile: watumishi wao walitia uma chunguni, wakatwaa nyama ya sadaka kabla Mungu hajapewa sehemu yake, na aliyekataa alitishwa kunyang'anywa kwa nguvu. Hao ndio waliofuatana na Sanduku la Agano mpaka vitani! Wakafa wote wawili siku moja, Sanduku likatekwa. Someni vizuri lakini: siku ileile walianguka askari 30,000, ambao hawakula nyama ile.

Nabii Amosi naye aliwajua wafanya biashara walioshika Sabato huku wakihesabu saa, iishe upesi, wafungue ghala na kupunguza kipimo. Hawakukosa ibada hata mara moja. Watu hao tunao Kituku. Yuko ajazaye chombo mpaka maji yakaribie ukingo. Yuko apokeaye kitu kidogo ili asihesabu abiria. Yuko abonyezaye kopo la kupimia unga. Dominika asubuhi wamo kanisani, benchi la mbele, na siku ya mavuno wanaleta mbuzi kwa vigelegele.

Malaki aliwauliza waliotoa mnyama kipofu na kilema kama mtawala wao angempokea. Mbuzi wa watu wetu ni mzima, tena mnene. Kilema ni fedha iliyomnunua. Na je, gavana angepakiwa katika chombo kilichojazwa namna ile? Parokia ipokeayo bahasha nono bila kuuliza neno, ikapiga makofi, imeshika mpini wa uma wa Hofni.

Bwana wetu aliamuru sadaka iachwe mbele ya madhabahu, mtu aende kwanza kupatana na ndugu yake. Na ndugu akiwa amezama? Wapo yatima wake. Aende kwao, pamoja na mbuzi wake.