Hofu Nayo Hutibiwa

Mkazi wa Soweto, Moshi, aliyepima VVU mara tano na kupata majibu hasi, hata baada ya miezi mitatu bila kujihatarisha upya, hana haja ya kipimo cha sita. Hofu yake ina chimbuko: kabla ya dawa za ARV kuanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, familia nyingi zilizika vijana wao. Lakini kila kipimo cha ziada humtuliza siku chache tu, kisha shaka hurejea. Moyo kwenda mbio, jasho na kukosa usingizi huweza kuletwa na wasiwasi wenyewe. Mhudumu asimwambie, "Huna kitu, nenda nyumbani." Anacho kitu: ana hofu, nayo ina tiba. Asikilizwe, kisha apelekwe kliniki ya afya ya akili.