Gofu na Kifusi

Tuliporudi Mweso kutoka Tanzania, mzee mmoja wa jumuiya yetu alikuja kutusalimu. Tulimkaribisha kahawa, tukamsimulia habari za Ujiji, Bagamoyo na Unguja: misikiti iliyobaki kuta, makaburi ya kale, nyumba za mawe zilizoinamia vichochoro. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole: “Wanangu, mmekwenda mbali hivyo kutazama kuta zilizoanguka? Hapa hamkuziona?”

Siku ile hatukuwa na jibu. Tumelibeba swali hilo miezi kadhaa, na tunalijibu katika ukurasa huu kwa sababu tunajua kwamba wapo ndugu wengine waliojiuliza vivyo hivyo bila kutuambia. Je, ni haki mume na mke wa Mweso watumie akiba yao kwenda kuona magofu ya ugenini, wakati ndugu zao wanalala chini ya turubai? Tunaamini kwamba ni haki, kwa sharti moja: warudi na kitu cha kuwafaa waliobaki. Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Nasi tuliokota jambo moja. Ukuta ulioanguka, ukiwa na mtu wa kueleza ulijengwa na nani na uliangukaje, huitwa gofu, na watu huja kutoka mbali kuusikiliza. Ukuta ulioanguka bila msimulizi ni kifusi. Sisi wa Masisi tuna vifusi vingi, na magofu karibu hatuna.

Tuanze na safari yenyewe. Ndoa yetu ilikuwa imetimiza miaka 25. Katika miaka hiyo tumesafiri pamoja mara nyingi, lakini kila safari ilikuwa ya kukimbia: godoro kichwani, sufuria mkononi, mtoto mgongoni, na mmoja wetu akigeuka nyuma kutazama kama mlango umefungwa. Hatukuwahi hata mara moja kuondoka nyumbani tukijua siku ya kurudi. Basi tuliposema kwamba jubilei yetu tungeiadhimisha kwa safari, hatukutafuta anasa. Tulitaka kujua inakuwaje watu wawili wakitembea njiani bila kufukuzwa.

Tulipita Goma na Kigali, tukavuka mpaka Rusumo, tukateremka kwa basi kupitia Kibondo na Kasulu hadi Kigoma. Njia hiyo haipiti mbali na kambi ya Nyarugusu, ambayo imekuwa ikipokea Wakongomani tangu mwaka 1996. Ndani ya basi tulinyamaza. Tulikuwa na tiketi ya kurudi mfukoni, na nyuma ya vilima vile walikuwapo watu wa nchi yetu ambao watoto wao hawajawahi kuiona nchi hiyo. Msafiri wa kwetu hawezi kuwa mtalii mtupu, hata akitaka.

Ujiji palitupa somo la kwanza, nalo lilikuja kwa sahani. Mama aliyetupikia alileta ugali wa muhogo, dagaa wa kukaanga na mboga aliyoiita kisamvu. Tulicheka, kwa kuwa mboga ile ni sombe yetu. Tofauti ni kwamba yeye aliiunga kwa nazi, nasi nyumbani huiunga kwa mawese. Kuhusu dagaa, tulikumbuka kwamba sambaza tunaowanunua kutoka Ziwa Kivu asili yao ni Tanganyika. Walichukuliwa huko na kutiwa katika ziwa letu mwishoni mwa miaka ya 1950. Muhogo wenyewe ulivuka bahari kutoka Amerika kwa mikono ya Wareno. Ikawa kwamba katika chakula kile hapakuwa na kitu cha kigeni kwetu, wala kitu ambacho hakikusafiri. “Kiswahili chenu kitamu,” alituambia mama yule, “lakini mnakisema kama watu wanaopanda mlima.” Tulimjibu kwamba ndivyo tulivyo: watu wa mlimani.

Hata lugha hiyo ilitufikia kwa njia tuliyokuwa tukiifuata. Katika karne ya 19, misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka ziwa na kuingia Maniema, hadi Kasongo na Nyangwe. Ilileta nguo, shanga na bunduki. Ilirudi na pembe za ndovu na binadamu waliofungwa minyororo. Mwezi Julai 1871, Livingstone aliona kwa macho yake watu wakipigwa risasi sokoni Nyangwe. Miezi michache baadaye Stanley alimkuta Ujiji, na mahali pa mkutano wao pana mnara na nyumba ya makumbusho. Tulipokuwa tumesimama pale, mmoja wetu aliuliza: “Na Nyangwe, ambako wale watu walikufa, nani huenda kupatembelea?” Hatukujibizana. Wazungu wawili waliosalimiana wana mnara, na umati uliouawa sokoni, watoto wetu hawaujui.

Kutoka Kigoma tulipanda treni ya reli ya zamani, ile ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, na baada ya Dar es Salaam tukaenda Bagamoyo. Huko ndiko njia ya misafara ilikoishia. Mji huo wenyeji huueleza jina lake kwa namna mbili: mpagazi aliyefika pwani akiwa hai alibwaga moyo, yaani alipumzika, mtumwa aliyeiona bahari kwa mara ya kwanza aliuacha moyo wake pale, kwa kuwa alijua harudi tena. Kwa watu wa kwetu maana zote mbili zinaeleweka bila mwalimu.

Mwaka 1868 Mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha misioni Bagamoyo, wakawapa makao watu waliokombolewa utumwani. Miaka 10 baadaye msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe uliondoka hapohapo kuelekea maziwa makuu, na kwa shirika lao Injili ilikuja kufika hata milima yetu ya Kivu. Tafakari hilo, msomaji. Barabara ile ile iliyoshusha minyororo ilipandisha Habari Njema, na lugha ile ile ya wafanyabiashara wa watu ndiyo tunayosalia rozari. Misioni ya Bagamoyo haikuificha aibu hiyo ili ionekane safi. Makumbusho yake yanaeleza utumwa na ukombozi pamoja.

Kilomita chache kusini yako magofu ya Kaole: msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yakiwa na nguzo ndefu. Kuna kaburi ambalo wenyeji husimulia kwamba wamelala mke na mume waliozama baharini na kukutwa wameshikana. Hatujui majina yao. Tulikaa kando yake muda mrefu kuliko mahali pengine popote, tukiwakumbuka wanandoa tuliowajua ambao walikufa njiani, na ambao hatuwezi kuonyesha kaburi lao. Wale wa Kaole wamekufa karne nyingi zilizopita, na bado yupo kijana wa kuwaeleza wageni walivyokufa. Wetu walikufa jana.

Unguja tulikaa siku nne. Kwa upande wa chakula, tunakiri bila haya kwamba tulikula vizuri: urojo wenye ukwaju na bajia, mishkaki ya Forodhani, pweza, wali wa nazi. Lakini mahali palipotugusa ni palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Ndugu zetu Waanglikana walijenga kanisa juu ya uwanja ule, na inaelezwa kwamba altare imewekwa mahali ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Nje, ndani ya shimo, zimesimama sanamu za watu waliofungwa mnyororo shingoni. Si mbali na hapo ingali imesimama nyumba ya Tippu Tip, tajiri wa pembe na watumwa aliyeitawala Kasongo, na ambaye Mfalme Leopold wa Pili alimfanya gavana wa Stanley Falls mwaka 1887.

Tulichokithamini Unguja ni kwamba hadithi haielezwi kwa kumlaumu mmoja. Mwarabu yumo, Mwafrika aliyemuuza jirani yake yumo, Mzungu aliyenunua pembe na karafuu bila kuuliza zimepatikanaje yumo. Mtu yeyote anayeingia katika ua ule, awe wa taifa gani, hukuta jambo la kumwinamisha kichwa.

Tuliona pia kwamba kutunza ni kazi isiyokwisha. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea, ingawa Mji Mkongwe umo katika urithi wa dunia tangu 2000. Kwa upande mwingine, Kilwa Kisiwani iliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na mwaka 2014 ikaondolewa humo kwa sababu watu walifanya kazi. Jiwe halijitunzi lenyewe, hata likiwa maarufu.

Sasa turudi kwa mzee wetu na swali lake. Ndiyo, baba, kuta zilizoanguka tuliziona hapa. Tuliona Kitshanga ilivyoungua mwaka 2013. Tunajua Mokoto, monasteri iliyoanzishwa na Watrapisti mwaka 1954, ambako mwezi Mei 1996 waliuawa Watutsi waliokuwa wamekimbilia kwa watawa. Ni wangapi kati ya vijana wetu wanaoweza kueleza jambo hilo kwa ukweli? Wengi wamelisikia jikoni, usiku, kwa sauti ya chini, na kila jiko lina toleo lake: katika toleo hilo sisi ndio tulioumizwa daima, na wale wengine ndio waliotenda.

Wapo watakaosema kwamba kukumbuka ni kuchokoza kidonda, na kwamba ni afadhali kusahau. Tunaiheshimu hofu hiyo. Tumeona majina ya wafu yakitumiwa kuwaitia vijana bunduki. Lakini je, tumesahau kweli? Hatujasahau lolote. Tumegawana kumbukumbu kwa makabila, kila mtu akaificha yake, na kilichofichwa huchacha. Wapo pia watakaosema kwamba mwenye njaa hali historia. Ni kweli, na hatupendekezi mtu yeyote anyimwe unga ili mnara ujengwe. Tunapendekeza daftari.

Kila jumuiya iwe na daftari moja. Ndani yake wazee waeleze, na kijana mwenye mwandiko mzuri aandike: kanisa la kwanza la mtaa lilikuwa wapi, nani alifundisha dini chini ya mti gani, soko lilichomwa lini, ni familia zipi ziliishi kilima kipi kabla ya kukimbia, hata zile ambazo si za kabila letu na ambazo hatutamani kuzitaja. Yaandikwe majina ya waliokufa, wa pande zote. Yasiandikwe majina ya kushtaki, kwa kuwa hiyo ni kazi ya mahakama. Akina mama waandike na vyakula: maharagi yalipikwaje siku ya harusi, sombe iliungwa vipi mwaka ambao mawese hayakuonekana. Nakala moja ibaki katika jumuiya, moja parokiani, moja ipelekwe mbali, maana tunajua jinsi karatasi zinavyoungua hapa. Na mara moja kwa mwaka, njia zikiruhusu, watoto watembezwe mahali hapo na wasomewe.

Wanandoa, tuna neno kwenu hasa. Mkiwa na uwezo wa kwenda Bagamoyo, nendeni, wala msione aibu. Kutembea na mwenzio bila hofu ni dawa ambayo sisi tumeionja. Msipokuwa na uwezo huo, tembeeni Jumapili jioni hadi mahali mlipoishi mwanzo wa ndoa, hata kama pamebaki mgomba na mawe matatu ya jiko. Waelezeni watoto wenu. Nehemia, kabla ya kumwita mtu yeyote kujenga, alizunguka usiku akikagua kuta za Yerusalemu zilizobomoka. Alianza kwa kutazama.

Wiki iliyopita tulimwendea mzee yule na daftari jipya. Aliligeuzageuza, akauliza kama tuna kalamu. Kisha alianza na nyumba ambayo ukuta wake tunapita kila siku tukienda kisimani, na ambayo sisi, wenyeji wa miaka yote hii, hatukuwahi kujua ilikuwa ya nani.