UKUMBI WA MWALIMU: Mkono mmoja haulei mwana

Mwezi huu naomba tuongee habari nzito kidogo, habari ya mtoto mgonjwa sana, ambaye pengine hatapona. Kambini kwetu wapo. Yupo mwenye saratani, mwenye seli mundu, mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kujigeuza kitandani. Ukiuliza majirani utasikia, "Yule hospitali wamemrudisha, hakuna la kufanya."

Jamani, la kufanya lipo. Linaitwa tiba shufaa, yaani kumpunguzia mgonjwa maumivu na kuishika mkono familia yake. Haingoji siku za mwisho. Inaanza siku ugonjwa unapojulikana, sambamba na dawa za kutibu. Kwa hiyo msiache matibabu. Kwa mfano saratani ya Burkitt, inayovimbisha taya la mtoto upesi upesi, wengi wakiwahi hospitali wanapona.

Jirani zetu Uganda wameonyesha njia. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Hawakujenga wodi ya vitanda. Wauguzi wanamfuata mgonjwa nyumbani kwake, na majirani wanafundishwa kumsaidia. Dawa yao kubwa ni mofini ya maji, ya kunywa.

Hapo kwenye mofini ndipo wengi tunaogopa. Baba mmoja mtaani kwetu aliikataa, akasema, "Hiyo ni ya kumwua mwanangu." Mtoto akalia usiku tatu. Muuguzi akaja, akakaa naye mkekani, akamweleza: ikitolewa kwa kipimo cha daktari haimwui mtoto wala haimfanyi teja. Inaweza kufunga choo, ndiyo maana hupewa pamoja na dawa ya kulainisha. Baba akakubali, na mtoto akalala. Lakini usiongeze kipimo mwenyewe, na vidonge vya gengeni usimpe.

Sasa utajuaje mtoto anaumwa kiasi gani? Tumia mkono. Ngumi maana yake hakuna maumivu, kidole kimoja kidogo tu, vidole vitano ni maumivu makali kabisa. Mwambie akuonyeshe, halafu mweleze mhudumu wa afya. Mtoto mchanga hana vidole vya kuonyesha, basi mtazame: anakunja uso, anakunja miguu, anakataa kushikwa. Na mtoto aliyenyamaza, asiyetaka kucheza, msiseme ametulia. Huenda anaumwa.

Nyumbani, asiyejigeuza mgeuzeni kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu akikataa msimlazimishe, atapaliwa. Mwinueni kichwa, mpeni vijiko viwili vitatu, pumzikeni, mjaribu tena.

Majirani, sasa zamu yenu. Mama wa mtoto huyu hana likizo. Siku ya mgao anajiuliza: niende foleni nimwache nani na mtoto? Mmoja amchotee maji, mwingine amletee kuni, mwingine akae na mtoto saa moja mama aoge na alale. Hayo hayahitaji cheti. Na yale maneno ya "karogwa" na "usiwapeleke watoto pale watambukizwa" tuyaache. Saratani na seli mundu haziambukizi. Maneno hayo ndiyo yanayoiacha familia peke yake.

Msiwasahau ndugu zake. Wanaona mama analia, hakuna anayewaeleza, wengine wanadhani wao ndio wamesababisha. Waambieni ukweli kwa maneno ya umri wao. Na mgonjwa mwenyewe akiuliza, "Mama, nitakufa?" usimkaripie. Muulize anaogopa nini, umsikilize.

Sisi walimu tunasema mtoto mgonjwa bado ni mwanafunzi. Darasani kwangu yupo mmoja haji tena. Wenzake wanampelekea daftari kila Ijumaa, wanamsomea. Akiweza kuandika mistari miwili, anaandika. Anajua jina lake bado linaitwa kwenye mahudhurio.

Basi, kabla ya toleo lijalo, kila mmoja aangalie nyumba za jirani zake. Ukimwona mtoto wa namna hiyo, mwite mhudumu wa afya wa mtaa wako, halafu rudi ubishe hodi mwenyewe.

Mwalimu wenu