Malezi: Kazi za Mikono kwa Watoto Wadogo Wakati wa Masika

Vitabu vya malezi vitokavyo Ulaya hufundisha kwamba mwezi wa Machi ukifika, mtoto mdogo atengenezewe kondoo wa pamba na maua ya karatasi, kwa kuwa baridi kali imekwisha na miti imeanza kuchipua. Mtoto wa Gisenyi hajui theluji, ila labda ule weupe utokeao mara chache kileleni Karisimbi. Mwaka wake hugawanywa na mvua. Ukavu mfupi wa Januari na Februari ukiisha huingia masika, ambayo Wanyarwanda huyaita itumba, nayo hudumu hadi Mei. Hayo ndiyo majira yake ya kuchipua, na hayo ndiyo majira ambayo mama hufungiwa ndani siku nzima na mtoto wa miaka miwili, mabati yakilia juu ya vichwa vyao.

Mtoto wa umri huo aghalabu hawezi kukata kwa mkasi wala kufuata mstari. Aweza kuchana, kubonyeza, kuchovya, kuviringisha na kudondosha. Basi kazi yoyote atakayopewa shurti ijengwe juu ya matendo hayo, na isizidi dakika kumi, kwani akili yake ni kama kipepeo. Wazazi wengi hukosea hapa. Humpa mtoto kazi iliyo juu ya uwezo wake, kisha huinyakua na kuimaliza wenyewe ili ipendeze machoni pa wageni. Mtoto hubaki mtazamaji wa kazi iitwayo yake. Karatasi iliyochafuliwa na mtoto kwa mikono yake mwenyewe ina faida kuliko ua zuri lililokatwa na shangazi.

Katika mji huu hakuna duka la vifaa linaloshinda mgomba. Tangu mwaka 2008 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini Rwanda, hivyo mama asitafute plastiki ya kutandika chini. Jani pana la mgomba likibabuliwa kidogo juu ya moto hulainika, nalo hufaa kuwa mkeka wa kazi, na kipande kingine chaweza kufungwa kifuani mwa mtoto ili nguo isichafuke. Uti wa jani hilo hilo ukikatwa kwa kisu kikali, huonyesha ndani vijumba vidogo vidogo mfano wa masega ya nyuki. Huo ni muhuri uliotengenezwa tayari. Mama akate vipande vya urefu wa kidole, mtoto achovye na kugonga juu ya karatasi, au juu ya boksi lililopasuliwa. Watoto hucheka wanapoona alama ya kwanza, kisha hugonga mpaka karatasi yote imejaa. Waachwe.

Rangi zisinunuliwe. Mkaa uliosagwa na kuchanganywa na uji mwepesi wa unga wa muhogo hutoa weusi, udongo mwekundu uliochungwa hutoa wekundu, na manjano ya jikoni hutoa rangi ya jina lake. Wanawake wa Kirehe, mashariki ya nchi, wamesifika kwa picha za imigongo ambazo rangi zake za asili ni nyeusi, nyekundu na nyeupe, nazo hazikutoka dukani. Picha hizo huinuliwa kwa samadi ya ng'ombe na majivu. Huo ni ufundi wa watu wazima, mtoto anayelamba vidole asipewe samadi. Wala asipewe rangi ya viatu, ambayo katika nyumba za askari haikosekani kamwe na ambayo mtoto huiona kila asubuhi ikipakwa. Ina mafuta yasiyofaa kumezwa.

Kwa ufinyanzi, udongo wa Gisenyi ni wa volkeno, mweusi na wenye chembe, haushikamani vyema. Baadhi ya walimu husifu donge la unga wa ngano na chumvi nyingi. Halifai kwa mtoto wa miaka miwili. Atalila, na chumvi ya kiasi kile humdhuru mtoto mdogo vibaya sana. Tena yapo majirani wasio na unga wa kupika, na haipendezi kuuona ukichezewa. Bonge la ugali wa muhogo lililobaki usiku hutosha kabisa. Linavutika, linashika umbo, na mtoto akilimeza hakuna msiba. Aviringishe mayai, nyoka, au hicho anachokiita ng'ombe. Litumike siku hiyo hiyo kabla halijachacha, kisha wapewe kuku.

Iko kazi moja ambayo ni ya Gisenyi hasa. Mtoto aliyekwisha kupelekwa ufukweni jioni amewaona wavuvi wa sambaza wakitoka, mitumbwi mitatu ikiwa imeunganishwa pamoja kwa miti mirefu, taa na nyavu zikiwa tayari. Samaki hao wadogo si wa asili ya Kivu. Walitoka Ziwa Tanganyika na kupandwa huku mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hawakosekani sokoni. Maganda ya shina la mgomba huelea vizuri. Baba akate vipande vitatu vya urefu wa kiganja, avipange sambamba, kisha mtoto achomeke vijiti viwili vyembamba kuvishika pamoja. Ganda ni laini, halihitaji nguvu. Vijiti vivunjwe ncha kali kwanza. Chombo kikielea ndani ya karai, mtoto atapakia majani yaliyochanwa na kuyaita sambaza. Lakini karai la maji halitazamwi kwa jicho moja. Maji ya kina cha vidole vinne yatosha kumzamisha mtoto wa umri huo, naye huzama bila kelele. Mama akiitwa mlangoni, ama amchukue mtoto, ama amwage maji.

Tahadhari nyingine ni ya vifaa vyenyewe. Kitu chochote kiwezacho kuingia chote kinywani mwa mtoto si kifaa chake: vifungo vya sare, punje za mahindi, karanga, shanga. Maharage ni mabaya zaidi, kwa sababu mtoto hupenda kuyasukuma puani au sikioni, nayo yakipata unyevu huvimba. Mama asichokoe kwa njiti wala kibanio cha nywele. Ampeleke kituo cha afya. Ikiwa nia ni kuona mbegu ikichipua, mzazi apande yeye maharage ndani ya kikombe, mtoto awe mwenye kumwagilia.

Maua ya uani yachaguliwe na mkubwa. Ua wa mnyaa, ambao kwa Kinyarwanda ni umuyenzi, umezunguka nyumba nyingi, na utomvu wake mweupe huunguza jicho. Likipatwa, lioshwe kwa maji mengi safi yanayotiririka, kisha mtoto apelekwe kwa mganga bila kungoja kesho.

Majani yasifuatwe mbali. Kandokando ya mto Sebeya si mahali pa kuokotea vifaa wakati wa mvua. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto huo ulifurika, na katika mafuriko na maporomoko ya siku hiyo watu zaidi ya 130 walipoteza maisha nchini, wengi wao katika Jimbo la Magharibi, Rubavu ikiwa miongoni mwa wilaya zilizoumia sana. Yaepukwe pia mabonde madogo na mashimo yaliyo katika mawe ya volkeno, hasa kuelekea Goma, ambako hukusanyika hewa ile watu waiitayo mazuku. Hewa hiyo ya kaboni ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hulala chini, haionekani. Mkubwa aweza kusimama humo akapumua, na mtoto aliye kimo cha goti lake akaanguka.

Imebaki kazi ya kiganja, nayo yafaa hasa kwa nyumba ambazo mmoja wa wazazi yuko kazini mbali. Wanajeshi na polisi wa Rwanda wamehudumu chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa katika Jamhuri ya Afrika ya Kati na Sudan ya Kusini, na hutoka nyumbani kwa miezi mingi mfululizo. Mtoto wa miaka miwili aliyeachwa muda huo humwona baba kama mgeni anaporudi, hulia akishikwa, na askari wengi wamelipata jambo hilo kuwa gumu kuliko safari yenyewe. Kuongea naye kwa simu husaidia kidogo tu, kwani mtoto huchoka na sauti isiyo na mwili. Kiganja chake kipakwe uji wa mkaa na kubonyezwa katikati ya karatasi. Mama amtajie baba kwa jina analomwita kila siku, amwambie karatasi inakwenda wapi, kisha achukue chapa ya pili ibaki ukutani, kwenye kimo cha macho ya mtoto. Na askari naye aliye mbali achore kiganja chake, akirudishe. Mtoto atauweka mkono wake mdogo ndani ya mkono ule mkubwa mara nyingi kwa siku, bila kuambiwa, na karatasi itachakaa. Itengenezwe nyingine.

Wakati wa masika karatasi huota ukungu upesi. Hiyo ya kutumwa ianikwe karibu na jiko, si juu yake, mpaka ikauke kabisa, na tarehe iandikwe nyuma kwa penseli, kwa kuwa wino hutawanyika kwa unyevu.