Dua ya Mtoto na Lugha ya Bibi Yake

Katika makanisa mengi duniani watoto hufundishwa kuwaombea watu ambao hawajapata Biblia kwa lugha yao. Shirika la Wycliffe limewahi hata kuwaandalia vitabu vya alfabeti, ambamo kila herufi husimamia watu wanaosubiri tafsiri. Desturi hii naipenda. Humfunza mtoto jambo ambalo watu wazima wengi wamelisahau: kwamba mbele ya Mungu hakuna lugha ndogo. Lakini dua hiyo ina nusu ya pili, nayo ni juu yetu sisi wapenzi wa lugha kuidai.

Tuitazame Ruponda, upande wa Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi. Hiyo ni nchi ya Wamwera, jirani zao wakiwa Wayao na Wamakonde. Mtoto wa huko akisimama kuwaombea watu wa mbali wapate Neno kwa lugha ya mama, dua yenyewe huitoa kwa Kiswahili. Shuleni anasoma kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili anacheza na wenzake. Kimwera cha ndani, chenye methali na mafumbo, anacho bibi yake. Basi mtoto huyo anawaombea wengine hazina ambayo yeye mwenyewe inamponyoka mkononi, na hakuna aliyemwambia.

Tafsiri haianzi mezani kwa msomi, huanza kinywani mwa msemaji. Edward Steere alichapisha mkusanyo wake wa lugha ya Kiyao mwaka 1871, kabla hajakanyaga nchi ya Wayao. Aliupata wapi? Aliupata Unguja, kwa watu ambao utumwa uliwang'oa kwao lakini haukuwang'oa ndimi zao. Mwaka 1876 yeye huyo aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa hadi Masasi, na misheni ikaota mizizi kusini. Miaka mingi baadaye Lyndon Harries, mmisionari wa dayosisi ya Masasi, aliandika sarufi ya Kimwera iliyochapishwa mwaka 1950. Malenga wengi wanamjua Harries kwa kitabu chake cha ushairi wa Kiswahili cha mwaka 1962, lakini wachache wanajua kwamba kabla ya hapo aliwasikiliza Wamwera. Wote wawili wangefanya nini kama wasingemkuta mtu wa kuwajibu?

Wapo watakaosema: Kiswahili kinatosha, kila mtu Ruponda anakielewa. Hoja hii ina uzito, maana Kiswahili ndicho kilichotuunganisha. Lakini Waswahili wenyewe hawakuikubali ilipowahusu. Biblia ya Kiunguja ilikuwapo tangu mwaka 1891, hata hivyo mwaka 1914 ikatoka Biblia nzima ya Kimvita. Ilichukua hadi mwaka 1952 kupatikana Biblia ya Muungano. Ikiwa lahaja mbili za lugha moja ziliona haja ya kusikia Neno kila moja kwa lafudhi yake, kwa nini tuone ajabu Mmwera akitaka kulisikia kwa Kimwera?

Nasi washairi tuna maslahi yetu hapa. Wayao humwita Mungu Mulungu, na Wamakonde humwita Nnungu. Maandishi ya Kiswahili ya karne ya 19 yaliandika Muungu, na leo tunasema Mungu. Weka majina hayo pamoja, utaona L ilivyodondoka njiani na irabu mbili zikawa moja. Neno tulitamkalo kila siku lina jamaa zake kusini, na jamaa hao wakifa, Kiswahili kitabaki yatima bila kujijua. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitambua lugha za asili kuwa hazina ya kukiendeleza Kiswahili. Hazina isiyofunguliwa huliwa na mchwa.

Ninachopendekeza hakihitaji fedha. Mwalimu anayewaongoza watoto kuomba awape pia kazi ya nyumbani: kila mmoja amwulize bibi au babu anavyosema "msamaha", "neema", "tumaini", kisha alete jibu. Majibu yakipishana, vema, wajadiliane, maana hiyo ndiyo kazi ya mfasiri. Siku tafsiri itakapohitaji wasomaji wa kuipima na kusema "hapa sivyo tunavyosema", watoke miongoni mwa watoto hao. Dua isiyoandaliwa watu wa kuipokea majibu yake ni sawa na kuomba mvua bila kulima.

Mtoto anayekua, lugha yake aijue,
Maneno ya kuchagua, kwa bibi ayachukue,
Mzizi ukiugua, tawi gani lichanue?
Ndipo ya mwenzi kwa dua, kwa Mola aiinue.