USINGIZI WA DAWA SI UVIVU



Tumechoka na neno "mvivu". Mtu akisinzia kwenye mashine, nyapara humwandika jina. Akisinzia mara ya pili, hupewa barua ya kuachishwa kazi. Hakuna amwulizaye: Ndugu, umemeza dawa gani?

Matajiri na wasikie. Dawa nyingi za mafua na za mwasho huleta usingizi. Piriton, inayouzwa kwa bei rahisi madukani, ni moja wapo. Ndani ya ubongo mna kitu kiitwacho histamini, nacho humsaidia mtu kukaa macho. Dawa hiyo huingia mpaka ubongoni na kukizuia kisifanye kazi yake. Macho huwa mazito hata kama mwenyewe ana bidii kama mchwa.

Je, mtu huyo awekwe kwenye msumeno au apewe usukani wa lori? Tajiri anayemlazimisha leo ndiye atakayeuliza kesho kidole kimekatikaje!

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema wazi. Kifungu cha 30: aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo akiugua, na akileta cheti cha daktari, hupata katika mwaka siku zisizopungua 7 kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara. Kifungu cha 41: asifukuzwe kwa kosa wala kwa udhaifu wa mwili kabla ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoifahamu na kusikilizwa, pamoja na mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua.

Nasi tusijidanganye. Ukienda kutibiwa, sema: "Mimi naendesha mashine." Ziko dawa nyingine, kama loratadini, ambazo kwa kawaida hazileti usingizi mwingi. Usinywe pombe juu ya dawa hizi, maana usingizi huzidi. Na ukisinzia kila siku bila dawa yo yote, nenda ukapimwe. Huenda ni upungufu wa damu au kisukari. Usifiche. Mwambie mwakilishi wetu kabla zamu haijaanza.

Twadai hivi: anayetumia dawa ya namna hii apewe kazi isiyo na hatari mpaka aimalize, bila kupunguziwa mshahara hata senti moja. Mashine ikiharibika hununuliwa nyingine. Kidole kikikatika hakioti tena.

Umoja ni Nguvu!