Msiiogope Sindano ya Insulini

Liko neno mitaani linaloua watu: kwamba mwenye kisukari akishaanzishiwa sindano ya insulini, basi amekwisha. Kwa neno hilo mzee anaiacha chupa ya dawa kabatini akanywe maji ya mwarobaini, akiamini kichungu hufukuza kitamu. Uchungu wa ulimini hauondoi sukari ya damuni.

Insulini si kitu kigeni. Kila mwenye afya huitengeneza mwenyewe katika kongosho. Ugali, wali na muhogo vikishasagwa tumboni huwa sukari, nayo huingia damuni. Insulini ndiyo inayoiwezesha misuli kuichukua na kuitumia. Ikikosekana kabisa, sukari hubaki inazunguka na kutoka kwa mkojo, na mwili kwa njaa huunguza mafuta yake hadi damu ikajaa asidi. Mtoto aliyekosa insulini hunywa maji bila kutosheka, hukonda huku anakula, hutapika, kisha huzimia. Nasi husema karogwa!

Zamani mtoto huyo alikuwa wa kufa tu. Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, Leonard Thompson wa miaka 14 alidungwa insulini iliyotokana na kazi ya watafiti Banting, Best na wenzao. Akaishi miaka 13 zaidi. Kwa hiyo mzazi anayemwachisha mwanawe sindano kwa kuwa "amepata nafuu" anamrudisha kule kule; nafuu hiyo imeletwa na sindano. Mtu mzima aliyeanza na vidonge naye asione aibu daktari akimwongezea insulini: kongosho lake limechoka, hajahukumiwa.

Lakini dawa hii inataka adabu. Isiachwe juani wala isigandishwe, kwani ikiganda imeharibika. Asiye na friji aifunge chupa katika mfuko usiopenya maji, aiweke ndani ya chungu cha udongo chenye maji, kivulini penye upepo. Abadilishe mahali pa kudunga, leo paja, kesho tumbo, ngozi isifanye manundu. Akishadunga, ale.

Na ninyi mnaoishi naye, mkimwona anatoka jasho jingi, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka, sukari imeshuka. Mpeni upesi maji yaliyokorogwa sukari, au soda yenye sukari, kisha chakula. Akiwa amezimia, msimmiminie kitu kinywani. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali.